Askofu Festo Kivengere: Mtu Aliyekwenda Kutengeneza

Mara hii tunamkumbuka Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Tumemchagua kwa kuwa hapa Dutwa, kama kwingineko Usukumani, swali la mwizi wa ng'ombe halijatuishia. Tumtendee nini mtu aliyetukosea? Na akitoka gerezani, tumpokeeje?

Festo alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji, na utotoni alichunga ng'ombe. Alisoma akawa mwalimu, lakini alikuwa mlevi na moyo wake ulikuwa mbali na Mungu. Wakati huo Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umefika kwao. Waliookoka hawakuishia kulia kanisani. Walikwenda kutengeneza: aliyeiba alirudisha, aliyedanganya aliungama, mwenye deni alilipa.

Festo alipookoka, mwanzoni mwa miaka ya 1940, naye alikuwa na la kutengeneza. Alikuwa akimchukia Mzungu mmoja aliyekaa maili 50 kutoka kwake. Akapanda baiskeli, akaenda mpaka kwa mtu yule, akamweleza chuki yake na kumwomba msamaha. Wakaachana wakiwa ndugu. Toba ile ilimtoa jasho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuja nchini kwetu pamoja na mkewe Mera, akafundisha Dodoma kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1972 akawekwa kuwa Askofu wa Kigezi, na hapo mtihani ukaanza. Tarehe 10 Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani mjini Kabale kwa amri ya serikali ya Idi Amin. Askofu alikwenda uwanjani kuwafariji, akakuta wao ndio wenye amani ya kumfariji yeye.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo na Mera walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitambua kwamba chuki juu ya Amin inamla moyo. Akatubu, akamsamehe. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Twaweza kufikiri jina hilo lilivyokuwa gumu masikioni mwa wajane.

Lakini msamaha wake haukuwa wa kuficha kosa, maana aliyataja mauaji yale waziwazi mbele ya dunia. Naye Amin alikufa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003, asiwahi kurudi kuungama mbele ya aliowaumiza. Upande wa Festo ulitengenezwa. Upande wa Amin ulibaki vilevile. Kusamehe aweza mtu mmoja, bali kupatana kunahitaji wawili.

Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, Festo alirudi kwao, akawahubiria watu waliotaka kulipiza kisasi kwamba waache. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988.

Sisi nasi tunajua mambo haya. Wazee wetu walimtoza mkosaji ng'ombe, na wakiisha kulipwa walikula naye. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 walirudisha mifugo mingi, ingawa mkono wao wakati mwingine ulizidi. Hata Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliipa mahakama ruhusa ya kuwahimiza watu wapatane katika makosa madogo yanayowahusu wao kwa wao. Lakini mwizi akichomwa moto na wananchi wenye hasira, ng'ombe harudi, na watoto wawili wanakuwa yatima ambao hawakuiba kitu.

Basi tujiulize. Aliyeibiwa amesikilizwa? Aliyeiba amepewa nafasi ya kurudisha, au tumemfungia mlango na kumrudisha kwa wezi wenzake? Na kama sisi ndio tuliokosa, baiskeli yetu iko wapi? Maili 50 ni mbali, lakini huenda jirani tuliyemkosea yuko ng'ambo ya boma tu. Bwana atupe nguvu ya kwenda.