Townes Van Zandt: mtunzi wa Texas ambaye sifa zake zilitangulia mauzo

Mashabiki wengi wa muziki wa kantri wenye asili ya Afrika Mashariki wanamfahamu vyema Don Williams. Baadhi yao wanaukumbuka wimbo If I Needed You, alioimba pamoja na Emmylou Harris na kutamba nchini Marekani mwaka 1981. Ni wachache wanaolijua jina la aliyeutunga. Mtu huyo ni Townes Van Zandt, aliyefariki dunia tarehe 1 Januari 1997 akiwa na umri wa miaka 52. Wahakiki wa muziki humweka miongoni mwa watunzi bora waliopata kutokea Texas, ingawa wakati wa uhai wake albamu zake ziliuzwa kwa uchache.

Van Zandt alizaliwa katika mji wa Fort Worth tarehe 7 Machi 1944, katika ukoo wenye mali na heshima. Wilaya mojawapo ya mashariki mwa Texas, Van Zandt County, imebeba jina la ukoo huo hadi leo. Baba yake alikuwa mwanasheria katika biashara ya mafuta, na kazi hiyo iliihamisha familia kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka 1956, baada ya kumwona Elvis Presley kwenye televisheni, kijana huyo aliomba gitaa, naye baba yake akamnunulia kama zawadi ya Krismasi. Hata hivyo, jamaa zake walitarajia kwamba angefuata sheria au siasa.

Matarajio hayo yalivunjika alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder. Alianza kunywa pombe kupita kiasi na kuzama katika huzuni nzito. Wazazi wake walimrudisha Texas na kumlaza hospitalini Galveston, ambako alitibiwa kwa miezi kadhaa kwa insulini, njia iliyokuwa ikitumika wakati huo kwa wagonjwa wa akili na ambayo tiba imekwisha kuiacha. Matibabu hayo yalimfutia sehemu kubwa ya kumbukumbu za utotoni. Mama yake aliishi akijutia kuyaridhia.

Baba yake alifariki mwanzoni mwa mwaka 1966. Van Zandt aliachana na masomo, akajikita katika kumbi ndogo za Houston, ambako alisikiliza na kujifunza upigaji wa gitaa wa Lightnin' Hopkins, gwiji wa bluzi. Huko ndiko alikofahamiana na Guy Clark, aliyekuwa rafiki yake wa kudumu. Mtunzi mwingine, Mickey Newbury, alimshawishi kwenda Nashville, na mwaka 1968 albamu yake ya kwanza, For the Sake of the Song, ikatolewa na Poppy, kampuni ndogo.

Albamu hiyo ilikuwa na kasoro ambayo yeye mwenyewe aliitambua. Watayarishaji waliongeza ala na sauti za waitikiaji hata maneno yakafunikwa. Kwa hiyo, mwaka 1969, katika albamu ya tatu iliyopewa jina lake, alirekodi upya nyimbo nne kati ya hizo, safari hii kwa ala chache. Wahakiki walipata nafasi adimu ya kuzilinganisha, na wengi wao waliipendelea albamu ya tatu. Walichokisifu ni kile kilichoonekana mara mapambo yalipoondolewa: maneno ya kawaida yaliyopangwa kwa uangalifu, gitaa lililochezwa kwa vidole bila haraka, na visa vya wasafiri, wacheza kamari na wapendanao vilivyosimuliwa pasipo kumhubiria msikilizaji.

Kati ya mwaka 1968 na 1972 alitoa albamu sita. Poppy haikuwa na nguvu ya kuzisambaza, na redio za kantri hazikuzipa nafasi kubwa. Albamu ya sita iliitwa The Late Great Townes Van Zandt, jina la mzaha linalomtaja kana kwamba ni marehemu, ilhali mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 28. Ndani yake mlikuwa na If I Needed You na Pancho and Lefty, nyimbo mbili ambazo baadaye ziliwapa wengine umaarufu mkubwa. Ilipotoka, wanunuzi hawakuwa wengi. Kanda alizorekodi baada ya hapo zilikwama kwa sababu ya ugomvi wa malipo, zikafika sokoni mwaka 1993, takriban miaka 20 baadaye.

Mwezi Julai 1973 aliimba peke yake, kwa gitaa moja, katika ukumbi mdogo wa Houston uitwao Old Quarter. Rekodi ya maonyesho hayo ilitolewa mwaka 1977, na wahakiki wengi huitaja kuwa njia bora ya kumfahamu. Msikilizaji anazisikia nyimbo karibu kama zilivyotungwa, na kati ya wimbo na wimbo anamsikia mtunzi akitania na watu waliobanana mbele yake. Miaka hiyo hiyo aliishi kwenye kibanda karibu na Franklin, Tennessee, bila mabomba ya maji wala simu.

Mwaka 1983 Willie Nelson na Merle Haggard waliifikisha Pancho and Lefty kileleni mwa chati ya kantri ya jarida la Billboard. Malipo ya haki za utunzi yakaanza kumfikia, lakini ulevi ulikuwa umekwisha kumshika. Alilazwa hospitalini mara nyingi, na baadhi ya maonyesho yake yaliharibika mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Zipo sifa zilizouchanganya ulevi huo na kipaji chake, kana kwamba kimoja kilizaa kingine. Orodha ya albamu zake haiungi mkono dai hilo. Nyimbo zake nyingi mashuhuri zilitungwa katika miaka michache ya bidii, kabla afya yake haijadhoofika. Baada ya Flyin' Shoes ya mwaka 1978, ilipita miaka tisa kabla ya albamu mpya ya studio, At My Window. Katika No Deeper Blue, iliyorekodiwa Ireland na kutoka mwaka 1994, sauti iliyokuwa laini imekwaruza na kuchoka. Pombe ilimpunguzia alichokuwa nacho.

Heshima ya wasanii wenzake haikupungua. Mwaka 1990 kundi la Cowboy Junkies kutoka Kanada lilizunguka naye katika maonyesho, na vijana waliozaliwa baada ya albamu zake za mwanzo wakamsikia kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa Desemba 1996, akiwa amevunjika nyonga, bado alikwenda Memphis kurekodi. Alifanyiwa upasuaji, akarejea nyumbani Tennessee, na huko moyo wake ukasimama siku ya mwaka mpya, tarehe ile ile aliyofariki Hank Williams mwaka 1953.

Leo muziki wa aina yake unaitwa Amerikana, mchanganyiko wa kantri, bluzi na nyimbo za jadi za Marekani, na watunzi wengi wa mkondo huo wanamtaja kuwa mwalimu wao. Mmoja wao ni Steve Earle, aliyempa mwanawe jina la Townes. Mwaka 2009 Earle alitoa albamu ya nyimbo 15, zote zikiwa utunzi wa Van Zandt, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Grammy. Tuzo hiyo Van Zandt hakuipata alipokuwa hai. Nyimbo zake ziliipata zikiimbwa, kwa mara nyingine, na mtu mwingine.