Mwami Mwambutsa: Mfalme aliyepinduliwa na mwanawe

Na Mwandishi Wetu, Kinanira

MFANYABIASHARA anayetoka Kinanira kwenda katikati ya jiji la Bujumbura hufika kwenye barabara yenye jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Jina hilo kila mtoto wa Burundi analijua. Baba yake, Mwami Mwambutsa wa Nne, hatajwi sana, ingawa alikalia kiti kwa miaka 50.

Mwambutsa alizaliwa mwaka 1912. Mwaka 1915 baba yake, Mutaga wa Nne, alifariki na mtoto huyo wa miaka mitatu akatawazwa. Wakubwa wa ukoo waliendesha nchi kwa niaba yake, kwanza chini ya Wajerumani, kisha chini ya Wabelgiji walioingia mwaka 1916.

Ukoo wa kifalme ulikuwa na nyumba mbili zilizoshindana. Mwambutsa alikuwa wa Wabezi, kizazi cha Mwezi Gisabo. Kwa upande wa Watare, mkubwa wao alikuwa chifu Pierre Baranyanka, mtu wa karibu sana na Wabelgiji.

Kila baba alikuwa na wana wawili wanaokumbukwa na historia. Mwambutsa alimzaa Rwagasore mwaka 1932 na, kwa mama mwingine, Charles Ndizeye mwaka 1947. Wana wa Baranyanka walikuwa Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, viongozi wa chama cha PDC.

Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, akapendwa na Waswahili wa Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo, akiwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis.

Ntidendereza na Biroli walipatikana na hatia ya kupanga njama hiyo, wakanyongwa Gitega tarehe 15 Januari 1963. Baranyanka alikuwa ameweka matumaini ya nyumba yake kwa Wabelgiji, lakini wao walikwishaondoka na hawakuweza kumwokolea wanawe.

Mwambutsa alibaki na Ndizeye. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965, Mwami alikimbia nchi, na Machi 1966 akamkabidhi kijana huyo wa miaka 18 madaraka ya kusimamia serikali. Tarehe 8 Julai 1966 mwana alitangaza kumwondoa baba yake, kisha akamteua Kapteni Michel Micombero kuwa waziri mkuu. Septemba alitawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Novemba 28, akiwa ziarani Kinshasa, naye alipinduliwa na Micombero huyo huyo, na ufalme ukaisha.

Wasomaji wa Shakespeare watakumbuka mchezo wa Mfalme Lear, wenye wazazi wawili, kila mmoja akimwamini mtoto asiyestahili. Hapa kwetu mambo hayakuishia jukwaani.

Machi 1972 Ntare aliletwa kutoka Uganda, baada ya Idi Amin kuahidiwa na Micombero kwamba hatadhurika. Aliuawa Gitega tarehe 29 Aprili. Siku hiyo hiyo uasi ulizuka, na mauaji yaliyofuata yaliwafukuza maelfu ya watu hadi Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania. Wengi wa waliorejea wamezaliwa huko.

Mwambutsa alifariki Uswisi mwaka 1977, akiwa ameandika katika wosia kwamba asizikwe Burundi. Mwaka 2012 mabaki yake yalifukuliwa ili yarudishwe. Kesi ikafika mahakama ya juu ya Uswisi, na mwaka 2017 akazikwa tena huko huko.

Mzazi kumpenda mwanawe si kosa. Lakini mtoto anayekabidhiwa duka, shamba au nchi sharti kwanza ajifunze kazi, na wawepo wazee wa kumwambia hapana. Mwambutsa aliyatoa yote akiwa mbali, na aliyelipa si yeye peke yake.