Mutisya wa Munge: Aliyerudi kutoka vitani na ufundi wa kuchonga vinyago

TWIGA na Mmasai mwenye mkuki waliochongwa kwa mti ni bidhaa ambazo watalii wengi wamebeba kutoka Kenya. Ni wachache wanaofahamu kwamba biashara hiyo ina mwasisi wake, naye ni marehemu Mutisya wa Munge, mwenyeji wa Wamunyu, Machakos.

Wakamba walikuwa mafundi wa mti tangu kale. Walichonga mizinga ya nyuki, miiko, fimbo na vigoda vya miguu mitatu walivyokalia wazee. Mutisya mwenyewe alisifika kwa kazi hizo akiwa bado kijana. Hata hivyo, kuchonga sanamu za watu na wanyama kwa ajili ya kuuza hakukuwa desturi ya Ukambani.

Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyoanza 1914, ndivyo vilivyobadili mambo. Waingereza waliwachukua Wakamba wengi kwenda kuwatumikia katika mapambano dhidi ya Wajerumani nchini Tanganyika. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mutisya alikuwa miongoni mwa waliopelekwa huko, na akajaliwa kurudi.

Hakurudi mikono mitupu. Akiwa ugenini, aliwatazama wachongaji wa huko wakifanya kazi na kujifunza kwao. Wapo wanaosimulia kuwa walimu wake walikuwa Wazaramo wa pwani. Wengine huwataja Wamakonde. Vyovyote iwavyo, fundi huyu aliyekwisha kusifika kwao alikubali kuwa mwanafunzi tena.

Vita vilipokwisha 1918, alianza kuchonga vinyago nyumbani na kuwauzia Wazungu. Ujuzi huo ulienea kwa jamaa zake, kisha kwa majirani. Mwanafunzi hakupewa kitabu. Aliketi kando ya fundi chini ya mti, akaanza kwa kulainisha kazi ya mwenzake. Baadaye alikabidhiwa tezo, akajifunza kutoa umbo katika gogo bichi, na mwisho kisu, cha kuchongea macho, masikio na vidole. Hapo ndipo kosa dogo huharibu kazi ya siku nzima.

Kutoka Wamunyu, wachongaji walihamia Nairobi na Mombasa kufuata soko. Mwaka wa 1963, wale wa Mombasa waliunda chama cha ushirika huko Changamwe ili wauze kazi zao pamoja badala ya kunyonywa na madalali. Maelfu ya familia zimelisha na kusomesha watoto kwa tezo na kisu.

Lakini ustawi huo ulikuwa na gharama yake. Mpingo na muhugu, miti migumu inayokua polepole mno, ilikatwa hadi ikaadimika. Tangu miaka ya tisini, mafundi wengi wamegeukia mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi na kupandwa karibu na nyumba. Wengine walidhani mti laini ungewafukuza wanunuzi.

Wanaosita kuacha mti waliouzoea wana mfano mbele yao. Sanaa ambayo leo dunia huiita ya Wakamba ilipata umbo lake kwa sababu Mutisya hakuona haya kujifunza upya. Vinyago vingi havina jina la mchongaji, lakini kazi ya Mutisya ingali inalisha watu.