Neno Lililopatikana Kando ya Moto

Mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya chai kutoka Kericho hadi Bomet, nyumba nyingi za huko huwa zimekwisha kuamka. Yupo anayekama ng'ombe, yupo anayetafuta kikapu cha kuchunia majani, na yupo mzee aliyeketi karibu na meko, Biblia ya Kikalenjin i magotini, akisoma sura yake ya siku kabla chai ya maziwa haijaiva. Ada hii imezoeleka mno hata watoto huidhani kuwa ya tangu na tangu. La hasha, msomaji mpenzi. Ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe haukuwa rahisi.

Nimeonelea leo nisimulie habari za mtu mmoja miongoni mwa walioanzisha kazi hiyo katika nchi ya Wakipsigis, kwa kuwa maisha yake yana somo ambalo sisi walimu, pamoja na wanafunzi wetu, tunalihitaji sana. Mtu huyo ni Willis Hotchkiss, mmisionari wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, kutoka Marekani.

Sababu ya kumkumbuka ni hii. Mwanafunzi wetu wa somo la Elimu ya Dini ya Kikristo anaweza kukutajia bila kusitasita mifano iliyomo katika Injili ya Luka: mpanzi, chachu, sarafu iliyopotea, mwana mpotevu. Ataiorodhesha kwa nambari, na pengine kupata alama zote. Lakini muulize mfano wa mpanzi unahusu nini katika shamba la babake, atakutazama kana kwamba umemwuliza jambo lililo nje ya silabasi. Neno limo kichwani mwake ilhali halimo maishani mwake. Hotchkiss alikumbwa na shida iliyo kinyume cha hiyo: alikuwa na habari iliyojaa moyoni, akakosa neno la kuielezea.

Alikanyaga pwani ya Mombasa mnamo Oktoba 1895, akiwa kijana, katika kundi la kwanza la Africa Inland Mission. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, alikuwa mzaliwa wa Glasgow aliyelelewa Marekani. Walikuwa watu wanane, wanaume kwa wanawake. Reli haikuwapo wakati huo, kwani ujenzi wake ulianza mwaka 1896. Basi safari ya kutoka pwani hadi Ukambani ilikuwa ya miguu, wapagazi wakitangulia na mizigo kichwani, maji yakipatikana kwa bahati. Walifungua kituo chao cha kwanza huko Nzaui, kisha wakatawanyika kwenda vituo vingine.

Mwaka mmoja baadaye matumaini yao yalianza kufifia. Scott alifariki tarehe 4 Desemba 1896 kwa homa, hajatimiza hata miaka 30. Wengine wakamfuata kaburini, wengine wakarejea kwao wakiwa wagonjwa au wamevunjika moyo, hata kundi likapukutika likawa si kundi tena. Hotchkiss alisalia. Katika miaka yake minne ya Ukambani aliishi karibu wakati wote peke yake. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba homa ilimwangusha mara 30, na simba walimshambulia mara tatu, licha ya vifaru.

Hata hivyo, katika masimulizi yake yote, si homa wala simba aliowapa nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo aliipa lugha.

Hakuwa na mwalimu wa Kikamba wala kamusi. Alichokuwa nacho ni daftari, kalamu na masikio. Jambo la kwanza alilolitafuta lilikuwa swali lenyewe, yaani namna ya kuuliza kitu hiki ni nini. Alipolipata, akawa kama mtu aliyepewa ufunguo wa ghala. Akaonyesha jiwe, akauliza. Akaonyesha mti, akauliza. Akaonyesha kibuyu, mkuki, ng'ombe. Daftari likaanza kujaa majina. Baada ya majina vikaja vitenzi, navyo havionyeshwi kwa kidole. Ilimpasa kukaa na watu, kuwatazama wakilima, wakijenga, wakigombana na kupatana, mpaka neno lijitokeze lenyewe.

Akapata maneno mengi, lakini neno moja likamkimbia, nalo ndilo alilokuwa amevuka bahari kwa ajili yake. Hilo ni neno la kuokoa, ambalo bila yake asingeweza kumtaja Mwokozi. Alilitafuta kwa muda wa miaka miwili na nusu. Mtaalamu wa leo angetoa ushauri wa haraka: azue neno, au achukue la Kiswahili, au la Kiingereza alipachike hivyo hivyo. Hotchkiss hakufanya hivyo. Aliamini kwamba watu wale walikuwa wakiokoana kila siku, kwenye mito iliyofurika, kwenye njaa na kwenye vita. Basi haikuwezekana wasiwe na neno la tendo hilo. Kazi yake ilikuwa kungoja alisikie.

Siku ikafika. Alikuwa ameketi na watu kando ya moto jioni. Miongoni mwao alikuwapo Kikuvi, msimamizi wa wafanyakazi wake, ambaye alikuwa akieleza jinsi mmisionari mwenzake Hotchkiss, Bwana Krieger, alivyovamiwa na simba akajeruhiwa vibaya. Kikuvi ndiye aliyemfukuza mnyama yule. Hotchkiss akatega sikio. Alijua kwamba kisa kama hicho hakiwezi kusimuliwa mpaka mwisho bila neno alilolitafuta. Kikuvi, kwa vile hakuwa mtu wa kujisifu, akakizungusha kisa hapa na pale asijitaje. Mazungumzo yakaelekea kumalizika, na msikilizaji akaanza kukata tamaa. Mara Kikuvi akasema kwa unyenyekevu, katika kauli ya kutendwa, kwamba Bwana yule aliokolewa na Kikuvi.

Hotchkiss aliruka kwa furaha. Hapo hapo akakigeuza kitenzi kutoka kauli ya kutendwa kukiweka katika kauli ya kutenda, akamwuliza Kikuvi kama ni yeye aliyemwokoa Bwana. Kikuvi akakubali. Ndipo mgeni yule akamwambia kuwa neno hilo ndilo alilokuwa akilitafuta miezi yote hiyo, ili apate kuwaeleza kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya kuwaokoa. Kikuvi hakuhitaji fafanuzi ndefu. Alikuwa ameyahatarisha maisha yake mbele ya simba kwa ajili ya mtu mwingine. Alilijua neno hilo katika mwili wake kabla hajalisikia katika mahubiri.

Walimu wenzangu, tutue hapa kidogo. Ni nani aliyemfundisha mwenziwe jioni ile? Mgeni alikuwa na Kitabu, na mwenyeji alikuwa na tendo. Kitabu kilibaki kimefungwa kwa wasikilizaji mpaka tendo lilipokifungua. Na tukiitazama Injili yenyewe, tutaona kwamba Yesu hakufundisha kwa namna nyingine. Aliyaona mafunzo katika unga wa mama anayekanda mkate, katika nyavu za wavuvi na katika mbegu iliyoangukia mwambani. Hotchkiss alikuwa amejifunza, kwa taabu, mbinu ya ualimu iliyokuwa mbele ya macho yake katika kurasa alizozisoma kila siku.

Aliporudi Marekani aliandika kitabu kuhusu miaka hiyo, kilichotolewa mwaka 1901, akazunguka akihutubia vijana. Mwaka 1902 alisafiri tena, safari hii pamoja na Edgar Hole na Arthur Chilson, kwa niaba ya misheni mpya ya Marafiki. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwezi Desemba 1901, hivyo waliifuata mpaka ziwani, kisha wakapanda milima kwa miguu. Tarehe 17 Agosti 1902 walichagua Kaimosi. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na mzizi wa mti huo ni Kaimosi. Hotchkiss hakukaa sana kuutazama ukikua. Alijitenga na wenzake, na yapata mwaka 1905 akaja kuanzisha kazi yake mwenyewe karibu na Kericho, akaiita Lumbwa Industrial Mission.

Sasa haki itendeke, kwa maana maisha ya mtu si mahubiri ya mazishi. Jina hilo la Lumbwa silo Wakipsigis walilojiita. Walipewa na wageni, nalo halikuwapendeza. Ni ajabu iliyoje kwamba mtu aliyengoja miaka miwili na nusu ili apate neno moja sahihi la Kikamba, aliufungua mlango wa nyumba yake mpya kwa jina ambalo wenyeji hawakulikubali! Isitoshe, mwaka huo huo wa 1905 ndio Waingereza walipotuma askari kuwapiga Wakipsigis wa Sotik, na ndio Koitalel arap Samoei alipouawa katika nchi jirani ya Wanandi. Je, mwenyeji angewezaje kutofautisha mzungu mwenye Kitabu na mzungu mwenye bunduki, ilhali wote wawili walishuka kutoka garimoshi moja? Baada ya vita vya kwanza vya dunia ardhi kubwa ya Kericho iligawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakajaribu kulima kitani wakashindwa, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Kilio cha ardhi hiyo kingali kinasikika. Asomaye Biblia asubuhi mkabala na mashamba hayo hawezi kulipita shamba la mizabibu la Nabothi kana kwamba ni hadithi ya mbali.

Hotchkiss aliishi katikati ya hayo yote kwa takriban miaka 30. Misheni yake, kama jina lilivyoonyesha, ilifunza kazi za mikono na kilimo cha plau pamoja na kusoma. Huo pia ulikuwa msimamo wake kuhusu imani: haikukusudiwa iwe ya Jumapili peke yake, bali iingie katika jembe, katika randa ya seremala na katika zizi. Haikuwa kazi ya mavuno ya haraka. Wazee walikuwa na dini yao, wakimwelekea Asis kila jua lilipochomoza, na hawakuona sababu ya kuiacha kwa kuwa mgeni ameamuru. Maandiko katika lugha za Kikalenjin nayo yalikuja polepole, kitabu baada ya kitabu. Agano Jipya la Kinandi lilipatikana katika miaka ya 1930.

Ilikuwa katika miaka hiyo hiyo ya 1930, umri ukiwa umesonga, ambapo Hotchkiss aliikabidhi kazi yake kwa wamisionari wa World Gospel Mission, akarudi kwao. Mwaka 1937 kilitoka kitabu chake kingine, cha kumbukumbu za miaka 40 ya Afrika Mashariki. Waliompokea waliendeleza kituo cha Tenwek, huko Bomet, ambako zahanati ndogo ilikua ikawa hospitali mashuhuri. Kanisa la Africa Gospel lilichipuka kutokana na urithi huo, likawa mikononi mwa wenyeji wenyewe. Nao Wakipsigis wakapata neno lao la Mwokozi, Yetindet, linaloimbwa leo katika makanisa kutoka Kipkelion hadi Sotik bila mtu kukumbuka kwamba hapo zamani maneno kama hayo yalitafutwa kwa jasho.

Nawageukia sasa wanafunzi. Mnayo Biblia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha za mama zenu. Maneno ambayo Hotchkiss aliyatafuta kwa miezi 30 mwayapata kwa kufunua ukurasa. Urahisi huo una hatari yake, kwa maana kilichopatikana bila kutafutwa aghalabu husahaulika bila kujutiwa. Basi msomapo sura yenu ya asubuhi, msifunge kitabu mkadhani kazi imekwisha. Chukueni neno moja tu mtoke nalo: mwende nalo kisimani, kwenye kituo cha kupimia majani chai, ndani ya matatu na darasani. Mngoje mlione likitendwa. Huenda mkaliona neno la haki katika mizani ya karani, lisomapo sawa au lipunjapo. Huenda mkaliona neno la huruma kwa jirani anayemchunia mjane majani yake kabla hayajapita kiasi. Siku mtakapoliona, mtakuwa mmelielewa, na mtihani hautawatisha.

Nasi walimu tujiulize: ni mara ngapi tumesimama mbele ya darasa tukimimina majibu, bila kusikiliza watoto wenyewe wanasimulia nini jioni kando ya moto? Pengine neno tunalolitafuta kwa bidii katika vitabu vya kiada limo kinywani mwa mtoto aliyeketi dawati la nyuma, aliyekuja shuleni baada ya kukama ng'ombe, naye kwa unyenyekevu wake hajalisema. Mwenye sikio la subira atalisikia, kama alivyolisikia Hotchkiss kwa Kikuvi.