Mtu Aliyengoja Miaka 12

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kuwa kiongozi ni mtu mwenye makelele mengi. Niliposoma maisha ya Asa Philip Randolph niligeuza mawazo yangu.

Alizaliwa Florida, Marekani, mwaka 1889. Zamani zile watumishi weusi wa mabehewa ya kulalia ya kampuni ya Pullman walifanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi, na abiria waliwaita wote George, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Mwaka 1925 walimwomba Randolph awaongoze katika chama chao, kwa kuwa yeye hakuwa mtumishi wa kampuni, basi hakuweza kufukuzwa.

Wanachama wengi walifukuzwa kazi, fedha zikawaishia, lakini yeye hakuondoka. Mwaka 1937 kampuni ikatia sahihi mkataba: saa zikapunguzwa zikawa 240, na mishahara ikaongezwa. Alifariki mwaka 1979.

Mimi nisingalingoja hata miaka miwili. Ndugu zangu, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chataka mtu wa kukishika.