Jimmie Rodgers, Aliyeimba Huku Akingoja Mauti

Sisi wa pwani tunaijua Laare ya Meru kwa miraa. Lakini bara ya Kenya ina wapenzi wengi pia wa nyimbo za gitaa za Marekani ziitwazo kantri. Baba wa nyimbo hizo ni marehemu Jimmie Rodgers.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akakulia Meridian, katika jimbo la Mississippi. Kama baba yake, alifanya kazi ya reli. Mwaka 1924 alishikwa na kifua kikuu, maradhi ambayo zama zile hayakuwa na dawa. Reli ikamshinda, likabaki gitaa.

Tarehe 4 Agosti 1927, mjini Bristol, alirekodi nyimbo zake mbili za kwanza kwa kampuni ya Victor. Mwaka uliofuata Siti binti Saad wetu naye alikwenda Bombay kurekodi. Katika miaka sita Rodgers alirekodi nyimbo zaidi ya 100.

Mwezi Mei 1933 alifika New York akiwa taabani, akitafuta riziki ya kumwachia mke na binti yake. Aliwekewa kitanda studioni: huimba, hulala, kisha huinuka akaimba tena. Alimaliza tarehe 24. Tarehe 26 akafariki, umri wake miaka 35.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa ngoma za Afrika, aliwakuta wasichana wa Kipsigis, huku huku Kenya, wakimwimba kwa jina la Chemirocha, kiumbe nusu mtu, nusu paa. Walimjua kwa santuri tu. Mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa 17.