Galileo na Fundisho la Mwendo

Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564, alikuwa mwalimu wa hisabati. Wataalamu wengi wa wakati wake walishika fundisho la Aristotle kwamba kitu kisiposukumwa husimama. Kwa kuviringisha tufe kwenye mbao zilizoinama, yeye aling'amua kwamba kisimamishacho kitu ni vizuizi. Mwaka 1633 Kanisa lilimhukumu kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua. Akiwa kifungoni nyumbani alikamilisha kitabu cha mwendo, kilichochapishwa mwaka 1638. Alifariki mwaka 1642.

Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo aonaye baiskeli ya mihogo ikisimama mwendeshaji aachapo kukanyaga, huamini kama Aristotle. Mwalimu asimkaripie, amwache aviringishe gololi mchangani, kisha sakafuni. Ndipo ataelewa: kwenye barabara tambarare, kani ya kukanyaga ikilingana na msuguano na upepo, baiskeli huendelea kwa mwendo ule ule.